Sukari ya Vidonge na Sukari ya Sindano

Baba Salma wangu,

Eda imekwisha, na mkono wangu bado unakutilia kahawa kila baada ya alasiri. Nimekukosa, bwana. Nimekosa hata ukaidi wako.

Unakumbuka matembezi yetu ya ufuoni Mama Ngina? Daktari alikwambia utembee, basi ukawa unanikokota toka Mji wa Kale mpaka huko, ukiwapita wauza mihogo ya kukaanga umegeuza uso. "Usinitazamishe, Mama Salma, nafsi haina adabu." Halwa uliiacha. Vidonge hukuvikosa hata siku moja. Ndiyo maana daktari aliposema vidonge havitoshi tena, uanze sindano ya insulini, ulitoka mle umenuna.

Barazani kwenu sukari ilikuwa na watu wa namna mbili: wa vidonge, ambao bado ni wanaume, na wa sindano, waliokwisha. "Nimekosa nini mimi hata nitiwe huko?" uliniuliza, na macho yako yalikuwa mekundu.

Hukukosa kitu. Binti yetu alikueleza kama alivyoelezwa na daktari: ugonjwa ni huo huo mmoja. Mwanzo mwili wako ulikuwa mzito kuisikia insulini, kongosho likazidi kuitoa ili kufidia. Miaka ikapita, likachoka, insulini yenyewe ikawa haba, na mwili ukabaki mzito kuisikia vilevile. Nami nikaongeza, ni kama nikikuita toka jikoni nawe husikii, nikapaza sauti mpaka ikanikauka. Ukacheka, kisha ukakataa vilevile. "La kuvunda halina ubani," ulisema. Kidonda kilichokutoka mguuni hakikukungoja; kilichukua mguu, kisha kikakuchukua wewe.

Jana alikuja Mzee Athmani, rafiki yako mliyekaa naye baraza moja tangu ujana. Kahawa hakuigusa.

"Mama Salma," akasema, "hata mimi najidunga. Miaka mingi sasa. Niliona haya kumwambia."

Nilitaka kumtoa nje. Nilishindwa, alikuwa akilia. Aliposimama kuondoka niliitazama miguu yake, yote miwili, mizima, ikishuka ngazi zetu. Neno lake moja tu ungelisikia, Baba Salma. Langu na la daktari hukulitaka, lakini lake ungelisikia.

Mola akupe raha huko uliko. Mimi hapa bado sijaipata.

Mkeo,
Mama Salma