Uliwaambia Hakuna Mtu Juba

Mpendwa kaka Lado,

Sikuulizi hali, maana najua ni nzuri. Watu wanaotoka Nairobi wananiambia umenenepa, una kazi ya ofisini na kiti kinachozunguka. Mimi nakuandikia nikiwa dukani kwetu Kator, hapa hapa Juba, kwenye benchi lile lile lenye mguu mbovu, na nimekasirika. Nimelisema mapema usije ukadhani hii ni barua ya salamu.

Lakini nianze na mazuri, kwa sababu yalikuwepo. Unakumbuka mwaka wa uhuru, tulivyorudi kutoka Kitale na kompyuta moja kuukuu tumeifunga kwa blanketi? Ulikuwa umeiwekea Linux, ule mfumo wa bure, ukaapa kwamba virusi vya flashi za watu wa Juba havitatuweza. Siku hizo kila mtu alitaka karatasi yenye jina la nchi mpya juu, hata fundi baiskeli. Waliorudi kutoka Khartoum walitaka barua za Kiarabu, waliorudi kutoka Kenya na Uganda walitaka za Kiingereza, nasi tulichapa zote. Kibodi ya Kiarabu mimi niliizoea haraka kuliko wewe, na ulininunia siku nzima.

Kisha ikaja ile hitilafu. Nilikuwa nikitoka kunywa chai kwa Mama Nakato, yule Mganda wa chapati jirani yetu, nikirudi nakuta skrini imejifunga na neno la siri linakataa. Naliandika tena polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, linakataa. Tunazima, tunawasha, na barua ya mteja imepotea. Tukalaumu jenereta, maana Juba nzima hulaumu jenereta kwa kila kitu, hata maziwa yakichacha. Uliifungua, ukaisafisha, ukabadilisha waya, ukajipaka oili mpaka masikioni. "Malesh," tuliwaambia wateja kwa Kiarabu cha Juba, samahani, kosa ni la umeme. Mama Nakato alikuwa akitucheka waziwazi.

"Nyinyi iko nasingizia jenereta bure," alisema. "Hiyo kompyuta yenu iko na kiburi tu."

Wewe ndiye uliyeniambia tuache kubahatisha. "Tubadilishe kitu kimoja, halafu tujaribu. Tukibadilisha viwili hatutajua kipi kimetujibu." Tukaiacha skrini ijifunge baada ya barua ya Kiingereza, ikafunguka bila matata. Tukaiacha ijifunge baada ya barua ya Kiarabu, ikakataa. Tukarudia, ikakataa vilevile. Kumbe kibodi ilikuwa inabaki kwenye Kiarabu bila skrini kutuonyesha, na neno la siri huonekana kama vitone tu, kwa hiyo nilikuwa naandika herufi nisizoziona. Jenereta ya watu haikuwa na kosa lolote. Ulicheza pale dukani mpaka Mama Nakato akaja kuuliza kama tumepata viza ya Amerika.

Tuliketi kwenye benchi hili kuwaandikia ripoti watengenezaji wa programu ile inayofunga skrini. Mimi nilitaka kuwaeleza jinsi walivyotuaibisha mbele ya wateja, ukanizuia. "Usiandike hasira, Kiden. Andika ulichofanya, ulichotarajia na kilichotokea. Huyo wa upande wa pili hakujui. Mpe ukweli mtupu, atakuamini." Chini ukaweka majina yetu mawili, na Juba. Mmoja wao akajibu kwa adabu kwamba atatengeneza dawa yake, ila tuwe tayari kuipima, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine aliyelipata tatizo hilo. Nilijiona mtu muhimu kweli, sikufichi.

Vita vilipoanza ulikuwa Nairobi, umekwenda kutafuta kipuri cha printa. Hilo silihesabu kuwa kosa, hakuna aliyejua. Ulinipigia simu huku risasi zinasikika. "Usiondoke, Kiden. Linda mashine. Njia ikifunguka tu, niko hapo." Basi nikaifunga kompyuta kwa shuka langu, nikaibeba kichwani hadi uwanja wa kanisa. Wenzangu walikuwa wamebeba magodoro na sufuria, mimi nimebeba kompyuta, na watu walinitazama kama mwehu. Nililala nimeiegemea.

Mwaka mpya ulipoingia, Mama Nakato alipata lori la kwenda Nimule, avuke mpaka arudi kwao. Alinishikia nafasi na kunivuta mkono.

"Panda, Kiden. Huyo kaka yako hawezi kuja tena. Mimi iko naona."

"Lado amesema anakuja," nikamjibu, tena kwa ukali. Nilimkasirikia kwa ajili yako. Lori likaondoka na nafasi yangu akapewa mtu mwingine.

Niliporudi dukani na mtandao ukarudi, nilifungua barua pepe ya duka, nikidhani ni wateja. Kulikuwa na taarifa kwamba umewaandikia wale watengenezaji chini ya ripoti yetu. Nilifurahi, kaka. Nilisema, angalau Lado hajaisahau kazi. Nikaifungua na kukuta Kiingereza chako kizuri: umehama Juba kabisa, kompyuta ile haipo tena, na hakuna mtu aliyebaki huko wa kupima, kwa hiyo waifunge ripoti. Nikatazama tarehe. Ilikuwa Krismasi, siku ile ile uliyonipigia simu ukaniimbia, kisha ukaniambia nilinde mashine, unakuja.

Umenisaliti, Lado. Kama uliogopa ningekuelewa, hata mimi niliogopa. Ungeniambia "sirudi" ningelia, kisha ningepanda lile lori. Ukweli ulikuwa nao mkononi. Ukampa mtu usiyemjua, asiye na haja nao, na mimi ndugu yako ukanipa ahadi. Kila mara ulipopiga simu baadaye nilingoja uniambie, na kila mara uliniuliza kama mashine iko salama. Ulikuwa unaniuliza habari za kitu ulichokwisha kukizika.

Nilipoacha kulia nilipakua dawa waliyoitengeneza, nikaiweka. Nikachapa barua ya Kiarabu, nikaiacha skrini ijifunge, nikaandika neno la siri. Ikafunguka. Nikarudia, kama ulivyonifundisha, ikafunguka tena. Chini ya maneno yako nikaandika kwamba kompyuta ipo, nami nipo, na nimepima. Hasira sikuiandika. Yule mtu alinishukuru sana, akasema wao hupenda mtu wa pili athibitishe kabla ya kufunga kazi, akauliza kama mwenzangu tuliyeandika naye bado yupo.

Nilikaa mbele ya hilo swali mpaka skrini ikajifunga. Nikaifungua, nikamjibu kwamba alikuwepo, na sasa nitapima mwenyewe mara zote atakazotaka.

Ukipiga simu nitapokea, kwani sina ndugu mwingine. Niambie umekula nini, niambie kazi yako inakuchosha. Ila usiniambie tena kwamba unakuja.

Ni mimi dada yako,
Kiden, aliyebaki Juba