Sentensi Niliyoimeza

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na unisamehe mapema. Mama amerudi kwenye cherehani. Jana alimaliza sare kumi na mbili za shule. Ule ukurutu wa chuchu uliokuja kugundulika kuwa ni saratani umeondolewa pamoja na chuchu yenyewe na nyama kidogo ya chini yake. Titi limebaki, na kidonda kimefunga vizuri.

Sasa nikuambie ukweli. Ulinipigia ukasema Mama asikubali mionzi, eti itammaliza. Daktari huongea lugha ya shuleni, ambayo Mama haijui, na mkalimani ni mimi, basi nikakutii. Aliposema bila mionzi saratani inaweza kurudi kwenye titi lilelile, niliimeza sentensi nzima. Nikamwambia Mama, "Anasema umepona."

Siku mbili nilimficha. Ya tatu nikamwambia yote. Mama akaweka mkasi chini.

"Kesho tunarudi. Na safari hii utanitafsiria hata akikohoa."

Tukarudi. Mama akauliza kama ataendelea kushona akiwa kwenye mionzi. Daktari akajibu ataweza, ila atachoka, na ngozi inaweza kubabuka. Nikatafsiri vyote.

"Mwambie aniandike," Mama akasema. "Pasi imeniunguza miaka ishirini, leo nikimbie mashine?"

Anaanza Jumatatu, siku tano kwa wiki, na mimi nitamsindikiza. Ukiwa na la kumkataza, Mama Mkubwa, mpigie mwenyewe. Kwangu halipiti tena.

Ni mimi mwanao,
yule mnayemwita Bubu