Sikulia Nilipochomwa

Jumapili, Galbet. Upepo wa vumbi tangu alfajiri, na mvua tunaisikia tu kwa watu wanaotoka Modogashe. Nimeamka na hasira na sijui nimkasirikie nani.

Naandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kwa hiyo mnivumilie nikikosea. Mkono wa kulia umefungwa bendeji, umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine.

Mnaonisoma mnajua mimi ni mpiga ngoma. Si ngoma za jukwaani. Ni durbaan, ngoma ya harusi zetu za Kisomali, pale wanawake wanapojifungia peke yao na kuimba buraanbur, mashairi ya kumsifu bibi harusi na watu wake. Mmoja anaimba, mwingine anaingia kati kucheza, na mimi ndiye ninayewaendesha wote wawili kwa viganja vyangu. Nilianza nikiwa msichana mdogo. Kuna kina mama mjini hapa hawapangi siku ya harusi kabla ya kuniuliza kama nina nafasi.

Hawapangi, au hawakuwa wakipanga. Bado sijajua niandike vipi.

Ganzi ilianzia kwenye kidole gumba, ikaenda cha shahada, ikafika cha kati. Mwanzoni ilikuja na kuondoka. Nilikung'uta mkono nikaendelea na shughuli zangu. Halafu vikombe vikaanza kuniponyoka jikoni, na kufunga vifungo vya nguo ikawa kazi ya asubuhi nzima. Kwenye ngoma mlio niliusikia vizuri, ila ngozi ninayoipiga siihisi, basi nikawa napiga kwa nguvu zaidi. Wanawake walipagawa. Walisema sijawahi kupiga hivyo. Siku moja nikatazama chini nikaona damu kwenye ngoma, kidole kimepasuka na mimi sina habari.

Nikauficha mkono chini ya mtandio, nikacheka pamoja na wenzangu. Baada ya siku hiyo sikupiga tena.

Aliyegundua ni Hooyo, mama yangu; namwita hooyo, naye huniita hooyo vilevile, ndivyo mama wa kwetu huwaita watoto wao. Akasema ni jicho, watu wamenitazama mno. Mimi nikasema ni mishipa. Tukabishana wee, mwisho akafanya anavyofanya siku zote: akamwita mzee wa kuchoma kutoka Kotile, na mimi nikaambiwa mzee akiwa ameshaketi sebuleni anakunywa chai.

Kwa asiyejua, kwetu kiungo kikifa ganzi huchomwa. Kijiti kinawekwa kwenye makaa hadi kichwa chake kiwe chekundu, kisha kinagusishwa pale penye ugonjwa. Ngamia huchomwa, watoto huchomwa, marehemu baba alikuwa na alama zake tumboni. Na mzee si tapeli. Anacho kipimo, na kipimo chenyewe ni mgonjwa. Ukishtuka ukavuta mkono, anajua moto umefika, anaacha.

Mimi sikushtuka.

Nilikuwa nimegeuza uso ukutani, nangoja maumivu ili nipige kelele kama watu. Nikasikia harufu ya nyama. Nikadhani Hooyo amesahau sufuria jikoni. Nilipogeuka, mzee alikuwa bado amekibana kijiti kwenye shina la kidole changu cha kati, huku akinitazama usoni kwa heshima.

"Mashallah," akasema. "Wanaume wenye ndevu hulia hapa."

Akahamia kidole cha pili. Kisha gumba. Ningeweza kumwambia basi. Sikumwambia.

Tangu hapo Hooyo ananitangaza mtaa mzima. Binti yake ni geesi, shujaa, hakutoa hata sauti. Alhamisi ilikuwa shaash saar ya mdogo wangu Hodan, siku ambayo wanawake humfunga bibi harusi kitambaa cha mke wa mtu. Mdogo wangu wa tumbo moja, na ngoma ikapigwa na mtu mwingine. Mimi niliketi na wageni. Halafu mwimbaji akasimama, akanigeukia, akanitungia beti papo hapo kuhusu moto na mkono usiotetemeka. Wakanipigia vigelegele. Mpiga ngoma alikuwa anachelewa kidogo kila mwisho wa ubeti, na mkono wangu haukuwa na la kufanya. Nilitamani ardhi inimeze.

Ambacho hawakujua ni kwamba vidonda vilishatunga usaha, na nilishakwenda hospitali kwa siri. Daktari ni msichana wa bara, mpole, lakini alipofungua kitambaa nilichofungia vidonda upole ulimwisha.

"Nani alichoma hii mkono? Na wewe ulikuwa unaangalia tu?"

Akanieleza kwamba mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, na dawa yake ni kupasua ili upate nafasi. Akanionyesha nyama ya chini ya gumba ilivyonywea. "Tungekupasua mwezi huu, mama. Sasa hatuwezi gusa mkono iko na usaha. Na hiyo mshipa haitungoji."

Nimekaa na maneno hayo peke yangu mpaka leo asubuhi, Hooyo aliponiona nikikung'uta mkono wa kushoto. Ndiyo, na huo umeanza. Akafurahi kabisa, kwa kuwa tiba anaijua. Mzee atakuja kesho, akasema, achome wa kushoto, na wa kulia aurudie maana haukupata moto wa kutosha.

Nikamwambia: "Hooyo, sikuvumilia. Sikuhisi kitu."

Akacheka. Akasema mashujaa wote husema hivyo.

Nikamnyooshea ncha za vidole vinavyochungulia kwenye bendeji. Nikamwambia abane kimoja kwa kucha, nami nitamtajia ni kipi. Nikafumba macho. Nikangoja. Nje mbuzi wa jirani walikuwa wanapigana na mabati.

"Anza basi," nikamwambia.

"Nimeshaanza, hooyo."

Nikafumbua macho. Ukucha wake ulikuwa umezama kwenye kidole changu cha shahada, ngozi imekuwa nyeupe, na machozi yanamdondokea kidevuni.

Alimpigia mzee simu yeye mwenyewe, akamwambia asije. Kisha akaniuliza swali moja, kwa sauti ndogo ambayo si yake: kama nilijua tangu kidole cha kwanza, mbona nilimwachia cha pili na cha tatu?

Nikasema sijui. Nilimdanganya.

Jibu ninalo, ila linanitia aibu hata kuliandika hapa. Mzee aliposema mashallah, nilifurahi. Tangu ngoma initoke mikononi hakuna aliyekuwa amenisifu kwa lolote, na kwa sifa ile nilimpa vidole vyangu vilivyobaki.

Kesho Hooyo ananisindikiza hospitali. Tukiwa kwenye foleni nitamwambia, nikiweza.