Mwache Deo Aende

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo umeachia kidogo, au bado unainama shambani kama vile daktari hakusema kitu? Na huo upepo wa hapo Kaoze, umetulia? Mimi mzima, ila nimechoka, Mama. Nimechoka mpaka uji wa ule ulezi ulionifungia naunywa nimesimama.

Uliponipigia simu ukitaka nimkataze Deo asiende Mbeya, nilisingizia mtandao unakatakata. Nilikusikia vizuri. "Wewe ndiye dada yake mkubwa, anakusikiliza wewe tu," ulisema. Yeye ndiye kitinda mimba, na ndiye pekee aliyebaki nyumbani. Akiondoka, utabaki wewe na kuku.

Ukaniuliza pia ninasoma nini huku kisichoisha. Ni galaksi, Mama, mikusanyiko mikubwa mno ya nyota. Nyota huzaliwa pale gesi baridi inapojikusanya na kujibana. Sasa darubini mpya zinatuonyesha galaksi zilizoacha kuzaa nyota mapema kuliko tulivyodhani. Gesi imekwisha, au imefukuzwa nje. Hazijazimika, la hasha. Ukiziona utasema ni nzima kabisa, kumbe zinang'aa kwa nyota kongwe tu, nyekundu, zinazofifia kidogo kidogo. Wenzangu husema zimekufa.

Juzi mkuu wangu wa kazi alinikuta nalia mbele ya kompyuta. Nikamwambia macho yanauma. Jamani, ningemwelezaje kwamba nilikuwa naona nyumba yetu? Tumetoka mmoja mmoja, na wewe bado unasonga ugali kwenye sufuria lile kubwa. Deo akikucheka unamwambia huenda mgeni akaja.

Mama, sina mdomo wa kumkataza. Sisi tuliondoka kwa sababu yeye alibaki. Mwache aende akajifunze huo ufundi wake wa magari, naye aonje ulimwengu.

Mkataba wangu wa utafiti huku unaisha kabla ya mvua za kwanza. Walitaka niongeze, leo asubuhi nimekataa. Wakikubali nifanye kazi hii nikiwa huko nyumbani, sawa. Wasipokubali, basi tena.

Nisalimie sana mama mdogo wa kule Laela, mwambie sweta alilonifumia ndilo limeniweka hai kwenye theluji hii. Msalimie na katekista wetu, aendelee kuniombea.

Na Deo mwambie jembe lake asimpe mtu. Nitalitumia mimi.

Mwanao,
Odilia