Karatasi Iliyogeuka Buluu

Mbololo, kupitia Voi
6 Agosti 1978

Kwa kaka yangu mpendwa Thadeus,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Natumaini joto la Mombasa halijakumaliza. Sisi tu wazima, ila mama bado analalamika magoti. Mahindi yamekubali.

Kaka, nyumba imenyamaza. Nakumbuka ulivyofungulia rumba mchana, ukamshika mama mkono na mwiko wake, naye akawa anakufokea kwamba ugali unaungua, huku anacheza. Siku hizi redio ni ya habari na matangazo ya vifo tu.

Kuna jambo la shuleni sijakueleza. Kabla hujaondoka, mwalimu Maundu alilowesha karatasi kwa maji ya wanga wa muhogo na chumvi fulani ya maabara. Akaunga nyaya mbili kwenye mawe ya tochi, mwenyewe anayaita betri, mmoja akaulaza juu ya karatasi, wa pili akauburuta kama kalamu. Stima ilipopita, karatasi ikageuka buluu nzito. Wenzangu walisukumana kujaribu. Mimi, unanijua, nilibaki nyuma. Mmoja wao, Musyimi, akanicheka, eti hata karatasi imesema, Tryphena je, atasema lini?

Niliomba karatasi moja na nyaya mbili, nikavileta nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni.

Unaikumbuka Jumapili ile redio ilipokoroma ikazimika? Ndiyo jioni kilipotangazwa kifo cha shangazi Elsie. Alizikwa Bomeni huku baba yuko shambani anapalilia, hajui dada yake hayupo. Alipopata habari, baba akasema umeyamaliza mawe ya redio kwa rumba, akakuambia uondoke, uufuate muziki huko unakopigwa.

Kaka, haikuwa rumba. Ni mimi. Mlipokuwa kanisani niliyatoa mawe redioni, nikaandika jina langu kwenye karatasi ile. Herufi zilikuja moja moja, nzuri ajabu. Niliposikia sauti zenu njiani nikasukuma vyote chini ya kitanda, nyaya zimegusana. Nilipoyarudisha mawe jioni, yalikuwa ya moto na yamekwisha nguvu. Ulipofukuzwa nilikuwa mlangoni, mdomo umefungika.

Jana nilimwambia baba, kwa Kidawida chetu cha nyumbani, maana kwa Kiswahili ningejificha nyuma ya maneno ya shule. Nilingoja fimbo. Aliacha chai yake ikapoa. Kisha akaniuliza kama huko uliko una blanketi.

Tafadhali njoo umjibu mwenyewe.

Mama anakusalimu sana. Nisamehe ukiweza.

Mdogo wako,
Tryphena Wakesho