Hakuna Kuanua Bila Saini

Jumatatu, 6 Oktoba
Jua kali. Majamvi ishirini yamejaa karafuu, wanawake wanne wanazigeuza. Daftari jipya nimelitundika mlangoni mwa ghala. Kila kazi na saa yake, na saini yangu. Hakuna kuanua bila saini. Uwanja alioniachia baba sasa una utaratibu. Nimefurahi.

Jumanne, 7 Oktoba
Bi Time, mmoja wa wale wanne, ameanua karafuu saa nane, mbingu nyeupe, bila wingu. Eti amenusa mvua. Mvua haikuja. Nimemgombeza mbele ya wenzake, mtu aliyeanza kazi hapa mimi sijazaliwa. Atakayeanua tena bila saini asirudi, nimesema. Ameanika upya, peke yake.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nilikuwa Gombani, arusi ya binamu yangu. Simu mkobani, ngoma juu, sikuisikia ikilia. Nimerudi uwanjani Mtambile nimerowa kwa mvua. Karafuu zinaelea. Wote wanne wamesimama kando ya majamvi, nguo zinawachuruzika, na Bi Time kalificha daftari ndani ya mtandio lisirowe.
"Tumekungojea, mwanangu," kasema. "Saini yako."
Hakuna kejeli usoni mwake. Afadhali ingekuwepo.

Jumamosi, 11 Oktoba
Zimevunda. Nyeupenyeupe, harufu ya chachu. Mavuno ya kwanza ya shamba zima la baba. Bi Time hakuja jana wala leo. Nimemkasirikia asubuhi nzima, kwa nini hakuanua tu? Kisha nikakumbuka nilichosema Jumanne. Naona haya. Karafuu nyingine zinachumwa kesho kutwa, na bila yeye nitazipoteza nazo.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimekwenda kwake. Wale watatu nimewaita makusudi, nilimgombeza mbele yao, basi na radhi niiombe mbele yao. Nimempa ufunguo wa ghala. Aanue anapoona yeye.
"Na daftari?"
Nimelitumia kuwashia moto, nikamwambia.
"Karatasi nzuri vile!" Kacheka kidogo. Ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga.

Alhamisi, 16 Oktoba
Chake Chake, kwa daktari wa meno. Wingu zito upande wa kusini. Mara tatu nimetia mkono mkobani kutafuta simu. Sikupiga.
Nimerudi alasiri. Majamvi yamekunjwa, karafuu zote ndani. Uwanja mkavu, jua linawaka. Haikunyesha hata tone. Bi Time kasimama mlangoni mwa ghala, ananitazama.
Nimemwamkia, nikaomba kahawa. Nimeketi nao. Sikuuliza kitu.