Niko Gereza, Siko Jela

Kilwa Masoko

Mayu wangu mpendwa,

Mwangaluka Mayu. Umeamkaje, na magoti yanakusumbua bado? Mvua imenyesha hapo Zagayu au mnaangalia mawingu tu? Mimi mwili ni mzima, kichwa ndicho kimevurugika. Kaka Shija, wewe unayemsomea Mayu, soma polepole, maana neno moja limetuponza.

Barua yenu nimeipata. "Vumilia mwanangu, hata aliyeiba kwa njaa Mungu humsamehe." Nikasoma mara tatu. Nani ameiba? Mbele kidogo mnasema baba yake mchumba wangu Minza, kule Sapiwi, anataka kurudisha ng'ombe wetu wa mahari, Minza aolewe na mnunuzi wa pamba wa Ngulyati, kwa kuwa yeye haozi binti kwa mfungwa. Jamani, mfungwa yupi? Nilidhani mmekosea bahasha.

Nikamwonyesha msimamizi wangu, Bwana Saidi, mzaliwa wa hapa. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Masanja, kwani uliwaandikia nini?"

"Kwamba sasa niko Gereza, natoka Jumapili tu."

"Ala! Na huko kwenu bara gereza ni nini?"

"Ni jela."

"Basi umejifunga mwenyewe!"

Mayu, hapa Gereza ni jina la ngome ya kale, iko kisiwani, kuta zake nene zimeangalia bahari. Hoteli ya hapa Masoko iliyokuwa ya serikali ina mwekezaji sasa, ndiye aliyeniajiri niwavushe wageni hadi kisiwani na kuwafungulia mlango wa ngome. Niliondoka nyumbani ununuzi wa pamba ulipoachiwa kila mwenye mizani, tukawa tunapunjwa. Sikuja huku kuiba.

Ila hata mimi sijaelewa vizuri. Wageni wakiniuliza nani aliijenga, Bwana Saidi anasema Mreno, kisha Mwarabu akajenga palepale. Na neno lenyewe, eti kwa Wareno lilikuwa kanisa! Kanisa, ngome, jela, lipi ni lipi? Mimi Mkatoliki nasimama mlangoni sijui nifanye ishara ya msalaba au nipige saluti. Mji huu ulikuwa na masultani, dhahabu ilipita hapa, leo mbuzi wanakula majani ndani ya kuta. Nikiambiwa haya yote nabaki kuitikia tu.

Kinachoniuma ni Minza. Mbona hakuniuliza mimi? Au na yeye aliamini? Nampenda, Mayu, na ruhusa sipewi mpaka wageni wapungue. Tafadhali nendeni Sapiwi kabla ng'ombe hawajatolewa zizini.

Nimeweka picha. Nimevaa sare, nyuma ukuta, na juu ya kichwa changu kibao kimeandikwa GEREZA. Nilishashika mkasi nikikate, Bwana Saidi akanizuia, akasema watadhani naficha jambo. Basi nimekiacha.

Msalimieni bibi aliyenilea, na katekista wetu aache kuniombea misa ya wafungwa. Baba yake Minza naye mpeni shikamoo yangu. Picha akiishika, asikitazame kibao, atazame mkono wangu wa kulia. Ule ni ufunguo. Mfungwa hashiki ufunguo.

Ni mimi mwanao,
Masanja